Kuufuata Mto Mdogo kwa Ajili ya Rozi

Jamani, nimechoka kueleza. Nimeeleza kanisani, nimeeleza gengeni, na juzi mteja kanikatiza nikiwa nampima kiuno: "Eti Mama Deo, ni kweli ulifuata mto mpaka ukaishia kumzika mtu usiyemjua?" Kila mmoja ana kipande chake cha habari, na vipande vingine sijui vimetoka wapi. Mara niliumwa na nyoka, mara nilikimbizwa kwa fimbo. Nyoka hakuna. Fimbo ilikuwepo, lakini sikukimbizwa. Sasa nyinyi wenzangu wa kikundi cha ushonaji nawaandikia yote kwa mara moja, msome kwa zamu, na atakayeniuliza tena nitamkabidhi karatasi.

Kabla ya kutoka

Rozi mnamjua, yule binti anayekuja kunisaidia kutia vifungo msimu wa sare za shule. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu wa katikati. Aliyemlea ni kaka yetu mkubwa, Tluway, kule Singe juu, karibu na chemchemi. Mke wa Kaka alishatangulia, kwa hiyo tangu Rozi akiwa darasa la nne nyumba ile ni ya watu wawili tu, yeye na baba yake mkubwa.

Mwaka huu Rozi akapata mchumba. Anaitwa Emanueli, kijana wa mashamba ya mpunga huko bondeni, mbele ya Magugu. Mpole, anasalimia vizuri, anakula anachopewa. Mimi nilimpenda siku ile ile. Wazee wao wakaja Singe kujitambulisha, wakakaribishwa, mambo yakaenda vizuri mpaka Kaka alipouliza swali ambalo nyumba za chemchemi huuliza siku zote: "Kwenu mnakunywa maji gani?"

Baba mdogo wa Emanueli akajibu kwa furaha, akidhani anajenga: "Sisi tuna mto wetu, mzee. Wanasema unatokea huku huku kwenu Babati!"

Kaka akaweka kikombe chini. Hakukinyanyua tena.

Nieleze kwa wasiojua. Babu zetu walipohamia Singe kutoka nyanda za Mbulu, walikuta chemchemi ile moja na watu wengine wanaitaka. Wakagombana mpaka mtu akavunjwa mkono. Mwisho wakakaa, wakanywa maji yake kwa kibuyu kimoja, wakaapa kwamba anayekunywa maji haya ni ndugu: hapigwi, hanyimwi, na watoto wao hawaoani. Tangu hapo nyumba za chemchemi hazioani. Hakuna anayelalamika, maana wachumba wako tele kwingine. Lakini kiapo kilisema maji. Hakikusema mpaka wapi.

Na ule mto unaotoka kwenye chemchemi, sisi tunauita Mto Mdogo, ukishapita Sigino unaingia kwenye matete na haujulikani unakwendaje. Wengine wanasema unafia humo. Wengine wanasema unatokea upande wa pili na kwenda mpaka kwa kina Emanueli. Kaka akaniita, akaniambia: "Mdogo wangu, siwezi kuvunja kiapo kwa kubahatisha, na siwezi kumnyima mtoto mume kwa kubahatisha. Mimi magoti yamekataa. Nenda wewe ukaone. Utakachoniambia ndicho. Na ukifika mwisho niletee maji ya huko."

Wazee wa Emanueli walikuwa wanarudi Jumapili kuchukua jibu. Rozi alikuwa mlangoni, anasikia. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kabisa. Niliondoka pale nikiomba, nasema ukweli, mto ufie kwenye matete.

Chemchemini, Singe

Sikutaka kwenda peke yangu, nikamwomba jirani yangu Mama Zuhura, yule wa duka la viungo pale Bagara. Watu wake ni Warangi wa Kondoa, na mdomo wake mnaujua. Alikubali kabla sijamaliza kueleza. "Shoga, mimi dukani nakaa nikimtazama mdalasini, na mdalasini ananitazama mimi. Twende." Akaja na viatu vyekundu vyenye kisigino. Nikamwambia vitamtesa. Akaniambia havijawahi kumuangusha hata harusini.

Kaka alitusindikiza mpaka ukingoni mwa uwanja wake, hapo magoti yanapomruhusu. Rozi akatushusha mpaka chemchemini. Maji yanatoka chini ya jiwe pana, yanajaza kidimbwi kinachotosha ndoo kama nne tano, halafu yanateleza kwenye majani. Ukiyaweka mdomoni ni matamu na baridi, meno yanashtuka. Hapo hakuna anayechota kwa sufuria lenye masizi. Mama Zuhura alitoa kikombe chake cha bati kilichowahi kukaa jikoni, na Rozi, pamoja na huzuni zake zote, akamshika mkono: "Samahani Mama Zuhura, hicho hakiruhusiwi." Akamchotea kwa kata safi ya kwao.

"Kumbe hata maji yana wenyewe," akasema Mama Zuhura, akanywa, akaomba tena.

Rozi alitufungia makande kwenye hotpoti. Wakati wa kuagana akaniuliza polepole, "Shangazi, ukikuta unafika, utasema?"

Nikamwambia, "Kwanza nikaone." Hilo halikuwa jibu, na wote wawili tulijua.

Kushuka Bagara

Mto wenyewe jamani si wa kujivunia. Huku Singe unauvuka bila kukunja gauni. Unapita kwenye mashamba ya mahindi na migomba, mahali pengine unafichwa kabisa na majani ya tembo waliyopanda kwa ajili ya ng'ombe, tunabaki kuusikia tu. Ulipokaribia nyumba za Bagara ukaanza kubadilika tabia. Ukapokea maji ya mifereji ya barabarani, ukapokea mapovu ya wanaoosha pikipiki, ukanenepa kidogo na kuchafuka sana. Mimi miaka yote naishi hapa na sikuwahi kujua kwamba mfereji ule ninaouruka nikienda sokoni ni Mto Mdogo wetu. Niliuonea huruma, na nikajionea aibu kidogo.

Pale kwenye bustani za mboga ndipo tulipochelewa. Tulikuwa tunatembea ukingoni tukisimama kila baada ya hatua chache, mimi naonyesha kwa kidole, Mama Zuhura anaitikia kwa kichwa. Ghafla tukaona jamaa mmoja anabeba pampu yake ya maji mbio mbio anaificha ndani ya migomba. Mwingine anafukia bomba kwa udongo. Mama mmoja akatujia na fungu la mchicha.

"Shikamooni, wakubwa. Karibuni mboga. Huu mchicha wangu uko mbali na mto, mnaona wenyewe. Hizo hatua zenu mnazohesabu mtaona zinatosha."

"Mama, sisi hatuhesabu hatua."

"Sawa, sawa. Mnahesabu nini?"

Kumbe walidhani tumetoka kwa wanaozuia kilimo cha kandokando ya mto. Nikajaribu kueleza habari ya chemchemi, kibuyu, kiapo, mchumba. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuniona mjanja. Yule jamaa wa pampu akasema, "Wametumwa hao. Nani atembee juani hivi kwa sababu ya harusi ya mtu mwingine?"

Mama Zuhura akapandisha. "Wewe, hujawahi kuwa na shangazi?"

Wakacheka, na kucheka kwenyewe kukatusaidia. Jamaa akairudisha pampu yake, akatuonyesha mahali mto unapopita chini ya barabara na kutokea upande wa pili. Mchicha tulipewa hata hivyo, na tukaubeba siku nzima mpaka ukanyauka.

Sigino na wageni wa Katesh

Kisigino cha kwanza kilivunjika kabla hatujafika Sigino. Mama Zuhura akakivunja na cha pili kwa jiwe ili alingane. Kuanzia hapo alitembea kama bata, akinikataza kucheka.

Mto ulikuwa unapita nyuma ya nyumba moja yenye miti ya mlonge, na njia yetu ikatupitisha uani kwao. Tulikuwa na khanga vichwani kwa sababu ya jua, tumechoka, tumeinamisha nyuso. Uani kulikuwa na watu wengi na turubai limefungwa. Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja akapiga ukelele: "Wamefika! Wa Katesh wamefika!" Tukapokelewa mizigo. Tukakalishwa mkekani. Binti mtu mzima akaniangukia begani akalia kwa nguvu, na mimi, nifanye nini, nikamshika nikalia naye. Kilio hakina utaratibu, mkianza hamjui mnamlilia nani. Mimi nilianza kwa marehemu wa pale, mama wa yule binti, nikajikuta nimefika kwa marehemu kaka yangu, baba yake Rozi.

Mama Zuhura akaninong'oneza, "Shoga, wanatusubiri sisi ndio wazike. Sema kitu."

Nikamvuta yule binti pembeni. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe sana. Sisi si watu wa Katesh. Sisi tunapita tu, tunafuata mto."

Nilidhani atakasirika. Alijifuta macho, akatutazama, akatazama viatu vya Mama Zuhura. Akasema, "Basi kaeni hivyo hivyo. Mama alikuwa anapenda wageni, hata wasiomjua. Mkiondoka sasa hivi nitajisikia vibaya."

Tukakaa. Watu wa Katesh walifika baadaye sana, gari lao liliharibika njiani, na tukawapokea sisi, tukiwapa pole kama wenyeji. Tulizika pamoja. Tulikula pilau la nyama, na Mama Zuhura alisema kimya kimya kwamba iliki haikutosha, nikamfinya. Walitulaza, na asubuhi wanawake wakaanza kupukuchua mahindi ya chakula cha waliobaki. Nikakaa nao. Mbele yangu kukawa na lundo la magunzi, nikawaza matete yaliyokuwa mbele yetu, ambamo hakuna mtu anayeweza kupita kwa miguu.

Nikamwambia Mama Zuhura, "Sisi hatuwezi kupita mle ndani. Lakini gunzi linaelea."

Kwenye pochi yangu uzi haukosekani, mnanijua. Uliokuwepo ni mwekundu, uliobaki kwenye mapambo ya kwaya. Tukaomba magunzi, tukapewa kapu zima, na hakuna aliyeuliza ya nini. Nadhani tulishakuwa watu wa nyumbani.

Matete

Mbele ya Sigino bonde linafunguka, na mto badala ya kwenda unakaa. Maji yanasambaa, matete yanaota marefu kuliko mtu, ndege wanapiga kelele ndani na huwaoni. Ukisimama ukingoni unaona maji yanaingia taratibu kati ya mashina, halafu basi, giza la kijani. Nilijisikia vizuri pale, nasema kweli. Nikawaza, mto huu umekufa hapa, nitarudi nyumbani na habari njema.

Tukakaa chini tukaanza kufunga uzi. Gunzi moja, uzi mwekundu katikati, mafundo mawili. Jingine. Tukawa tunayatupa majini moja moja, na Mama Zuhura kila akitupa anasema "Bismillahi."

Sasa fikirieni nyinyi mnakuja kwa mbali mnaona wanawake wawili wageni, wamejitanda khanga, wananong'ona, wanafunga uzi mwekundu kwenye magunzi na kuyatupa kwenye maji ya ng'ombe. Mngesema wanafanya nini? Mimi mwenyewe ningesema ni wachawi.

Aliyetukuta hivyo alikuwa mchungaji wa ng'ombe, Mbarbaig, mrefu, shuka begani na fimbo mkononi. Ng'ombe wake walikuwa nyuma yake wana kiu. Fimbo akailaza kati yetu na maji. Kiswahili chake kilikuwa kifupi na cha wazi.

"Nani amewatuma?"

"Kaka yangu," nikasema.

Hilo lilikuwa jibu baya. Akakaza uso. "Kaka yako anataka ng'ombe wangu wafe?"

Mama Zuhura, ambaye siku zote ana la kusema, akajificha nyuma yangu. Ikabidi nieleze tena tangu mwanzo, chemchemi, kibuyu, watoto wasioana, Rozi, Jumapili. Nilikuwa naeleza huku machozi yananitoka, maana safari hii niliogopa kweli. Akasikiliza mpaka mwisho. Akachukua gunzi moja kapuni, akalinusa, akauvuta uzi, akaugeuza geuza.

"Kwetu pia iko hivyo," akasema. "Kuna watu hatuoi. Lazima kujua."

Akalirusha lile gunzi yeye mwenyewe, mbali kuliko tulivyoweza sisi, pale maji yanapokwenda kwa kasi kidogo. Kisha akawaita ng'ombe wake wakaja kunywa, na akatuambia kwamba upande wa chini wanauita Mto Ng'ombe, tukiuliza Mto Mdogo hakuna atakayetuelewa. Nilimshukuru. Akanijibu kwamba nimsalimie kaka.

Kwa kina Emanueli

Kuyazunguka matete tulipanda bodaboda, kila mtu yake, na juu ya hilo sina la kusema zaidi ya kwamba Mama Zuhura aliimba kaswida njia nzima. Bondeni joto ni jingine. Udongo unakuwa mweupe mweupe kama umenyunyiziwa unga, mpunga umelala kijani, na kuna mto wa upana wa kutosha watu kuwekea magogo ya kuvukia.

Mama Ema, mama yake Emanueli, alitupokea kama dada zake. Ni mjane, mchapakazi, ana meno ya kahawia ya watu waliokulia maji ya kule, na akicheka anayafunika kwa mkono. Alibandika maharage, na nakuapieni yaliiva kabla hatujamaliza kuulizana habari za nyumbani. Sisi huku tunapika maharage mpaka tunasahau tulibandika lini. Halafu ikaja chai. Nikanywa. Nikamtazama Mama Zuhura. Mama Zuhura alikuwa anatazama ndani ya kikombe kama mtu aliyeangusha pete.

"Sukari ipo?" akauliza kwa adabu.

"Nimeshaweka, Mama Zuhura. Niongeze?"

Akaongeza, na haikusaidia. Maji yale yana magadi. Si chumvi ya kupikia, ni ladha inayobaki kwenye ulimi kama umelamba betri. Wao wameshazoea, hawasikii tena. Mama Ema aliponiona nimekunja uso akainamisha macho, akasema, "Wageni huwa inawasumbua. Rozi naye mara ya kwanza ilimsumbua." Nikaona aibu, nikakimaliza kikombe chote.

Kuanzia hapo kazi yetu ikawa kukaa pale magogoni wanapochota maji na kutazama juu mtoni. Mama Ema alijua tunatazamia nini, tulikuwa tumeshamweleza. Alikuja akakaa nasi akichambua mchele. Siku ile halikuja kitu ila majani na kandambili moja. Nikaanza kupata matumaini. Usiku nilisali, na sikuomba ukweli, niliomba nilichotaka.

Siku iliyofuata jua lilikuwa limeshakuwa kali nilipoliona. Lilikuja polepole, linazunguka, likakwama kwenye gogo karibu na mguu wangu. Gunzi limelowa, limeingia weusi, na katikati uzi mwekundu, mafundo mawili. Fundo langu nalijua. Nililichukua nikalishika mapajani.

Mama Zuhura alitazama kushoto na kulia. "Shoga," akasema kwa sauti ya chini, "gunzi ni kuni tu. Jiko liko pale."

Na mimi nililitazama lile jiko, msidhani sikulitazama. Nilifikiria mkono wa Rozi. Kumbe Mama Ema alikuwa ameacha kuchambua. Uso wake ulikuwa umeanguka, maana mtoto ni wake na alishamwona Rozi kuwa mkwe. Akasema bila kuninyanyulia macho:

"Beba, Mama Deo. Tukilichoma, kila mtoto wao akishikwa na homa mimi nitalikumbuka hili gunzi."

Akainuka, akanijazia chupa ya maji ya mto niliyoombwa na Kaka, akaifuta kwa kitenge chake mpaka ikakauka.

Kurudi

Tulirudi kwa basi, nimekaa dirishani, chupa mapajani na gunzi ndani ya pochi. Mama Zuhura alinunua miwa njiani ili anichangamshe, nikala bila kujua ninakula nini. Alipoona hivyo akaacha kuongea, na kwa Mama Zuhura hiyo ni huruma kubwa.

Tulimkuta Kaka uwanjani amekaa kwenye kigoda, amevaa shati la kwendea kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi. Rozi akatuletea viti, akasimama nyuma ya mlango. Nikamweleza Kaka njia yote. Wa bustani, wa Katesh, mchungaji na salamu zake. Alicheka kidogo nilipomsimulia viatu vya Mama Zuhura. Nilipofika kwenye magogo nikatoa gunzi nikamwekea mkononi.

Aliugusa uzi. "Huu ni wako."

"Ni wangu, Kaka. Mto unafika."

Nyuma ya mlango nikasikia hatua zikienda jikoni. Macho ya Kaka yalikuwa yamelowa. Mimi nililia waziwazi, sikuona sababu ya kujificha. Nilimwambia, "Kaka, nisamehe. Nilitamani nikudanganye."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nilikutuma wewe. Ungedanganya ningekuona usoni." Akanyoosha mkono. "Maji yako wapi?"

Nikampa ile chupa. Akaifungua, akanywa funda kubwa, la mtu anayejua maji ya nyumbani kwake. Mara akainama akatema yote mchangani. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Akaonja tena, kidogo, akatema tena.

"Haya ni nini?"

"Ni maji ya kwao. Ndiyo yanayofika kule."

"Haya si aliyokunywa babu!" Sauti ilipanda mpaka kuku wakatawanyika. "Babu aliapia maji matamu. Kibuyu kile kingekuwa na haya hapa, wasingeapa kitu, wangepigana tena! Mto ni ule ule, sawa, nimekusikia. Lakini maji yamekufa njiani yakazaliwa mengine." Halafu akasimama ghafla, na kitu kingine kikaingia usoni mwake, hofu ya mzazi. "Rozi! Rozi, njoo hapa!"

Rozi akaja, macho mekundu, mikono ina unga.

"Unajua maji wanayokunywa hawa watu?"

"Nayajua, Baba mkubwa. Nimeshayanywa."

"Na unataka kwenda kuyanywa maisha yako yote?"

"Ndiyo."

Akamtazama sana. Nilidhani atamkaripia. Akakaa tena, polepole, akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Mtoto nimemlea kwa maji matamu." Alirudia mara mbili. Halafu akaniambia nipeleke habari kwa kina Emanueli: waje kesho kama walivyosema, jibu ni ndiyo. Ila kijana mwenyewe aje na madumu. Na kila watakapokuja kumsalimia, asirudi bila maji ya chemchemi ya mke wake.

Rozi alipiga magoti pale pale vumbini akamshika miguu. Mama Zuhura, ambaye alikuwa amejizuia mno, akashindwa.

"Lakini mzee, samahani. Akimpelekea maji ya chemchemi wakanywa wote wawili, si ndipo watakuwa ndugu kweli?"

Kaka alifikiria hilo. Akampa Rozi lile gunzi, akamwambia akawashie moto wa chai.

"Waoane kwanza," akasema. "Undugu utawakuta ndani."

Jumapili wazee walikuja, na Emanueli nyuma yao na madumu mawili ya njano aliyoyasugua kwa mchanga mpaka yakang'aa. Kaka akayainamia, akachungulia ndani, akanusa, akatafuta masizi hata kwenye mifuniko. Hakuona. Akaomba fimbo yake. Nikamwambia, "Kaka, mteremko ule, magoti yako," akanipungia mkono kama anafukuza nzi. Akamshika Emanueli bega, wakaanza kushuka wote wawili polepole kwenda chemchemini, anamwelekeza pa kukanyaga.